Picha za Ridhaa

Kiswahili kina neno zuri ambalo watu wa ngumi wamelishika mpaka sisi wengine tumedhani ni mali yao peke yao. Neno lenyewe ni ridhaa. Bondia wa ridhaa ni yule anayepanda ulingoni bila malipo, mpaka siku atakapohamia ngumi za kulipwa. Sijasikia mtu akisema "mpiga picha wa ridhaa", ila mimi nimekuwa mmoja wao tangu mwaka 1997, na leo naomba wazee wa ndondi waniazime neno lao. Nalitaka kwa maana zake mbili. Ya kwanza ni ya yule anayepiga: anapiga kwa sababu roho imependa, hana bosi, hana mteja, na mara nyingi hana hata hela ya filamu. Ya pili ni ya yule anayepigwa. Je, ameridhia, au amepigwa tu kama anavyopigwa mtu kibao cha ghafla? Angalia, msomaji wangu, kitenzi chetu kilivyo kikali. Kuna lugha ambazo watu wake huchukua picha. Sisi tunapiga.

Kamera ni chumba. Ndiyo maana ya neno hilo kwa Kilatini, na chumba kilikuwepo karne nyingi kabla ya filamu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufanyia kazi Misri, aliandika mwanzoni mwa karne ya 11 jinsi mwanga unavyopita kwenye tundu dogo na kuchora ndani ya giza kile kilichopo nje. Nyinyi mliokulia nyumba za bati jambo hili mmelala nalo. Msumari ukitoka, bati linabaki na tundu, na mchana kiduara cha mwanga kinatembea sakafuni taratibu kama kobe. Tundu lenyewe laweza kuwa la pembe nne, lakini kiduara kinabaki kiduara, maana ile si alama ya tundu, ile ni picha ya jua. Asiyeamini na akumbuke Septemba 1, 2016, siku jua lilipopatwa na watu wakafurika Rujewa, mkoani Mbeya, kwenda kuliangalia. Chini ya miembe ya Dar es Salaam siku ile, mwanga uliopenya kwenye majani ulimwaga ardhini vijihilali mamia kwa mamia. Kila upenyo wa majani ulikuwa kamera.

Kilichokosekana kwa miaka yote hiyo ni namna ya kuikamata picha isikimbie. Mfaransa Nicéphore Niépce alifanikiwa karibu na mwaka 1827, kwa bati lililopakwa lami na kuachwa dirishani saa nane au zaidi. Mshirika wake, Louis Daguerre, akaja na njia ya madini ya fedha, na mwaka 1839 ikatangazwa Paris kwa makeke makubwa. Muingereza William Henry Fox Talbot naye akaleta karatasi ya negativu, ambayo moja yaweza kuzaa nakala nyingi. Hayo yamo kwenye kila kitabu na sitayarefusha.

Ambalo halisemwi sana ni jinsi kitu hicho kilivyofika kwetu upesi. Mwaka 1846, miaka saba tu baada ya tangazo la Paris, nahodha wa jeshi la majini la Ufaransa, Charles Guillain, alianza safari ya kupitia pwani yetu kwa meli iliyoitwa Ducouëdic, na ndani ya meli hiyo mlikuwa na mtambo wa Daguerre. Safari iliendelea mpaka 1848. Picha ya Daguerre ilikuwa bati moja la shaba lililopakwa fedha, haina negativu, haina nakala. Kwa hiyo ili picha za watu wa pwani ziingie kwenye kitabu cha Guillain, ilibidi zichorwe upya juu ya mawe ya kuchapia. Hebu fikiria: babu wa babu zetu wamekaa mbele ya sanduku la Mfaransa, wameambiwa wasitikisike, kwa sababu mwanga wa siku zile ulikuwa unafanya kazi polepole. Watu husema wazee wa zamani walikuwa wakali kwa sababu kwenye picha hawacheki. Jaribu wewe kushikilia tabasamu huku umeambiwa usipumue, uone kama mashavu hayatatetemeka.

Biashara ikafuata. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 Zanzibar ilikuwa na studio za watu waliotoka Goa, na majina yaliyovuma ni A. C. Gomes na akina Coutinho. Walipiga masultani, majumba, majahazi na mitaa. Walichapisha pia kadi za posta ambazo abiria wa meli walizinunua na kuzituma Ulaya. Nimewahi kuzishika kadi za namna ile, siku hizi zinauzwa ghali kuliko simu. Mwanamke amesimama, nywele zimesukwa, kisutu kimemkaa vizuri, anaangalia lenzi bila woga. Chini yake kuna maandishi ya Kizungu yanayosema ni mwanamke wa Kiswahili, au mrembo wa Zanzibar, basi. Sultani kwenye kadi yake ana jina. Jumba la Beit al-Ajaib lina jina. Meli iliyotia nanga ina jina. Mama wa watu hana.

Sisemi kwamba kila aliyeingia studio alionewa. Watu wa mjini nao walikuwa na hamu zao, na walilipa kwa mfuko wao. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe mwaka 1930, wateja walikuja na nguo zao za Idi, na harusi zao, na watoto wao waliopakwa wanja. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, mtu aliyejifundisha mwenyewe, ambaye kwenye Bakor Studio yake alikata na kuunga picha mpaka uso wa mtu ukaonekana umechanua ndani ya ua. Hapo mpigwaji ni mwenye shughuli. Kaja kwa miguu yake, kachagua pozi, na picha anarudi nayo nyumbani. Tofauti ya picha hizo na zile kadi huioni kwenye lenzi. Unaiona kwenye swali la nani alitaka picha ipigwe, na baadaye ilikwenda kukaa ukutani kwa nani.

Sasa sisi watu wa ridhaa tulitokea wapi? Tulitokea jikoni kwa mama yake karani wa benki. George Eastman wa Rochester, jimbo la New York, alinunua vifaa vya picha mwaka 1877 kwa ajili ya safari ya likizo ambayo hata hakuisafiri. Vifaa vyenyewe vilikuwa mzigo wa punda: kamera kubwa, vioo, hema la giza, chupa za dawa. Akachoka. Mchana benki, usiku jikoni anachanganya madawa, mpaka akapata njia ya kutengeneza vioo vikavu, na baadaye filamu ya kukunja. Mwaka 1888 akatoa Kodak, kisanduku cha dola 25 chenye filamu ya picha 100 ndani. Ukimaliza unatuma kamera nzima Rochester, wanakusafishia na kukuwekea filamu mpya kwa dola 10. Dola 25 ilikuwa bado pesa ya wenye nazo. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kisanduku cha dola moja, na hapo ndipo mlango ulipovunjika. Watoto wakaanza kupiga paka, mashangazi wakaanza kupiga bahari.

Na visanduku vile vilitembea. Mwaka 1935 kijana mmoja wa Bamako, fundi seremala, aliletewa Brownie na mjomba wake aliyetoka Senegal. Kijana huyo ni Seydou Keïta. Mwaka 1943 alizaliwa Nairobi mtoto aliyekulia Dar es Salaam, naye akaanza na Brownie ya mkono wa pili akiwa bado mvulana. Huyo ni Mohamed Amin. Nitarudi kwao wote wawili.

Mimi sikupata Brownie. Nilipata Zenit-E, kamera ya Kirusi, nzito kama tofali, lenzi yake Helios. Alikuwa nayo mjomba, fundi wa mitambo, na alinikabidhi nilipomaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo, sina la kufanya isipokuwa kukaa kijiweni Magomeni. Lakini alinipa bila filamu. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, asante, sasa filamu je?" Akajibu, "Marahaba. Filamu ya nini na wewe hujui kuangalia?" Mwezi mzima nikapiga picha ndani ya kamera tupu. Nazungusha namba, nalenga, nabonyeza, chakaa! Washkaji wakasema msela kadata. Wengine walikuja kuuza sura mbele ya lenzi, mguu mmoja juu ya tofali, kidole kwenye kidevu, wakiwa hawana habari kwamba ndani hamna kitu. Mazoezi yale nawapendekezea hata nyie mnaoandika hadithi. Ukijua hakuna kitakachobaki, unaanza kuangalia kweli. Nilianza kuona kwamba ukuta wa kijani wa duka huutupia uso wa muuzaji rangi ya kijani. Niliona kwamba saa sita mchana kila mtu Dar es Salaam hana macho, ana mashimo mawili ya kivuli chini ya paji la uso.

Niseme kidogo ufundi, maana makala nyingi za picha huwa zinapepea juu juu kama kishada. Kamera ina milango miwili ya mwanga. Mmoja ni tundu la lenzi, unalipanua au kulibana. Mwingine ni shata, unaiacha wazi muda mrefu au mfupi. Zenit yangu ilikuwa na spidi tano tu, kuanzia sehemu ya 30 ya sekunde mpaka sehemu ya 500, na ile ya kushikilia kwa kidole. Wazee wa kazi wana kanuni isiyohitaji mita: kwenye jua kali, weka tundu kwenye 16, na spidi iwe sawa au karibu na namba ya filamu. Filamu ya ASA 100, spidi 125. Kwenye kivuli cha baraza fungua tundu mpaka 5.6 au 4, punguza spidi iwe 60, bana viwiko mbavuni, shusha pumzi, bonyeza. Jitu zima laweza kupiga picha za maisha yake yote kwa sentensi hizo mbili.

Ila kanuni hiyo na mita zote zina jambo moja ambalo mjomba alinifunulia kwa picha ya darasa letu. Tulipigwa na studio moja ya mjini, safu tatu, mashati meupe. Picha ilipokuja, mashati yamesimama safi kabisa, na juu ya kila shati kuna kivuli chenye meno. Ndivyo tulivyokuwa tumezoea. Tulikuwa tunatambuana kwa urefu na kwa namna mtu alivyosimama. Mjomba akaniuliza, "Unadhani nyinyi ni weusi sana?" Nikacheka. Akasema, "Hapana. Aliyepiga kasoma mwanga wa mashati."

Mita ya mwanga ni chombo mtiifu kisicho na akili. Kinadhani kila kitu duniani ni kijivu. Kielekeze kwenye shati jeupe, kitashtuka, kitakuambia mwanga ni mwingi, bana tundu. Ukitii, shati linakuwa kijivu kizuri na uso unazama gizani. Dawa yake haigharimu senti. Sogea mpaka usoni kwa mtu, au geuza mgongo wa kiganja chako mwenyewe kwenye mwanga uleule, soma hapo, kisha rudi nyuma ukapige. Shati litawaka kidogo, na liwake! Nani alikwambia watu wanatunza picha ili wakumbuke shati?

Baadaye sana nilisoma kwamba jambo hili halikuwa la mita peke yake. Kodak ilikuwa ikisambazia maabara kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke mzungu mwenye ngozi nyeupe, maarufu kwa jina la Shirley, na rangi za picha zilikuwa zikisawazishwa kwa ngozi yake. Ngozi nyingine zijipange. Kwa maelezo ya waliofanya kazi kwenye kampuni hiyo, msukumo wa kuboresha filamu isome vizuri rangi za hudhurungi ulitoka pia kwa watengeneza chokoleti na wauza fanicha za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao zinatoka vibaya kwenye matangazo. Nilicheka mpaka nikakasirika. Kabati lilidai haki yake na likasikilizwa. Sisi tulikuwa tunatoka kama makaa na tunasema asante.

Na kuna wakati picha nzuri ndiyo hatari yenyewe. Mwaka 1970, wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kazini kwao kwamba mitambo ya kampuni yao inatumika Afrika Kusini kupigia picha za vitambulisho, zile pasi ambazo mtu mweusi alilazimika kutembea nazo la sivyo anakamatwa. Wakaandika vipeperushi, wakapoteza kazi, hawakunyamaza. Mwaka 1977 Polaroid ikaacha kuuza huko. Kila mara ninapopiga picha ya paspoti ya jirani, bure, ukutani kwangu kwenye shuka jeupe, nakumbuka watu hawa wawili. Kulikuwa na picha zilizopigwa dakika moja, safi, kila uso unaonekana, na hakuna hata mmoja aliyekaa pale kwa ridhaa yake.

Nirudi kwa Seydou Keïta. Alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, na kwa kuwa vifaa ni ghali, kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu. Moja! Nyuma ya mteja alitundika shuka la kitandani, kisha baada ya miaka kadhaa akabadilisha kitambaa, na ni vitambaa hivyo vilivyomsaidia baadaye kujua picha ipi ni ya miaka gani. Ndani mwake kulikuwa na saa, kalamu, redio, suti, hata skuta, mteja anachagua anachotaka kuonekana nacho. Wapo wanaozicheka picha hizo, eti watu wanajidai na mali isiyo yao. Mimi naona wanawaza kishamba. Mteja wa Keïta alikuwa anasema, hivi ndivyo nijijuavyo, nawe mpiga picha nisaidie. Mwaka 1991 picha zake zilitundikwa New York bila jina lake, zimeandikwa tu kwamba aliyepiga hajulikani. Zikamrudia zilezile kadi za Zanzibar, safari hii kwa upande wa aliyeshika kamera. Mwaka 1994 zikaonyeshwa Paris, zikiwa na jina.

Somo la Keïta mimi nililipata Magomeni kabla sijalisikia jina lake. Mtaani kwetu kulikuwa na Bi Mkubwa aliyeuza vitumbua alfajiri. Nilikuwa nimepata filamu ya kwanza, nyeusi na nyeupe, na kichwa kimejaa picha za magazeti ya Kizungu. Nilimtaka kwenye jiko: moshi wa mkaa, mwanga wa saa kumi na mbili unaingia kwa ubavuni, mkono unageuza vitumbua. Nikamwamkia, nikamwomba. Akasema, "Hapana, baba. Nimechafuka hivi unataka kunipeleka wapi?" Nikanunua vitumbua vyangu nikaondoka. Nikamwomba tena baada ya wiki kadhaa, jibu lilelile. Mara ya tatu akacheka tu. Kamera yangu ilikuwa shingoni, lenzi ningeweza kuinyanyua na kubonyeza, na wapo vijana wa picha watakaokwambia ndiyo ushujaa wa kazi. Mjomba alikuwa na neno moja kwa hilo: wizi.

Miezi ikapita. Siku moja Bi Mkubwa mwenyewe akaniita. "Jumapili uje, saa kumi na moja. Uje na hicho chuma chako." Nilipofika, kiti kimetolewa ndani kimewekwa barazani. Amevaa doti ya khanga mpya, amejipaka wanja, viatu vya kutokea. Na mapajani ameweka daftari kubwa la mistari, limefunikwa gazeti. Nikauliza, hilo la nini, bibi? Akanitazama kama mtu aliyeuliza bahari iko wapi. Bi Mkubwa alikuwa kijumbe. Mchezo wa akina mama wa mtaa mzima ulikuwa ndani ya daftari lile: nani katoa, nani kapokea, zamu ya nani mwezi ujao. Watoto wamesomeshwa na daftari lile, mabati yameezekwa, mahari yamerudishwa. Mimi kwa miezi nilikuwa nautaka moshi. Yeye alikuwa anangoja kupigwa akiwa yeye.

Nilisoma mwanga kwenye kiganja changu, tundu 4, spidi 60. Nikapiga mbili.

Filamu tuliisafisha usiku bafuni kwa mjomba. Dawa inataka iwe na joto la nyuzi 20, na maji ya bomba ya Dar es Salaam, siku yakitoka, hayana habari na nyuzi 20. Kwa hiyo tulikuwa tunanunua barafu za watoto, zile za mfuko, tunazizamisha kwenye ndoo na chupa ya dawa katikati, mjomba ameshika kipimajoto kama mganga. Filamu inasafishwa gizani kabisa. Karatasi inaruhusu taa nyekundu, na hapo ndipo raha ilipo. Unaangaza negativu juu ya karatasi kwa sekunde chache, karatasi bado nyeupe pee, unaitumbukiza kwenye trei, unatikisa taratibu. Kwanza likatokea daftari. Halafu maua ya khanga. Uso ukaja mwisho, na ukaja mweusi mno. Tukarudia. Safari hii, wakati mwanga unamulika, nikaziba sehemu ya uso kwa kipande cha kadi kwenye waya, nikikitikisa sekunde tatu, kwa sababu kwenye karatasi anayenyimwa mwanga ndiye anayeng'aa. Ukaja uso wake, na kovu dogo la nyusi, na macho yanayohesabu.

Nilipompelekea hakusema neno kwa muda. Kisha akasema, "Nitengenezee na za wenzangu." Nakala kumi na moja, moja kwa kila mwanamchezo. Malipo yakawa vitumbua vya mwezi mzima, na sijawahi kulipwa vizuri kuliko hapo.

Sasa Mohamed Amin. Huyu alitoka kwenye ridhaa akaenda ulingo wa kulipwa mpaka kileleni. Alianzisha Camerapix hapa Dar es Salaam mwaka 1963, kisha akahamia Nairobi. Oktoba 1984 alipiga filamu ya njaa Korem, Ethiopia, akiwa na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, na dunia ikaamka. Muziki wa Live Aid wa mwaka 1985 ulizaliwa na picha zile. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, akavaa wa bandia akarudi kazini. Novemba 23, 1996 alikufa kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Nilikuwa kidato cha tatu, na mjomba alikaa siku nzima hasemi.

Nimebishana sana na nafsi yangu juu ya Korem. Wale mama waliolala chini na watoto wao hakuna aliyewatolea kiti barazani. Hakuna aliyechagua nguo. Lakini chakula kilifika kwa sababu ya picha ile, na mtu aliyeshiba asimwambie mwenye njaa kwamba ridhaa ingetangulia. Hata hivyo majina yao nayatafuta kila ninapoiona picha hiyo, na siyaoni. Mambo haya mawili nimeshindwa kuyapatanisha, nami nimeacha yakae hivyo yote mawili.

Filamu siku hizi ni ya kuagiza. Kodak yenyewe, ambako kijana Steven Sasson alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali mwaka 1975, iliomba kinga ya mufilisi mwaka 2012, na kila kijana wa mjini ana kamera mfukoni yenye akili kuliko studio zote za Samora. Siilaumu simu. Naitumia. Simu inasoma uso kwanza, jambo ambalo sisi tulilisotea kwa barafu na viganja. Inachonikera ni wepesi wake: ajali ikitokea barabarani, simu arobaini ziko juu kabla mkono mmoja haujamgusa majeruhi.

Mimi nina mazoea yangu. Nyuma ya kila picha naandika kwa penseli, siyo kwa kalamu ya wino maana wino hupenya: jina la mtu kama anavyotaka liandikwe, mtaa, tarehe, na herufi R kama aliridhia kwa mdomo wake. Nina maboksi manne ya viatu yamejaa. Picha isiyo na R siichapishi wala simwonyeshi mtu. Kuna moja yenye R isiyo na jina. Ni kijana mbeba mizigo, kwenye pantoni ya Kigamboni, mwaka 1999, enzi ambazo daraja halikuwepo na watu wote tulikuwa tunavuka kwa maji. Aliniona na kamera, akaweka gunia chini, akajifuta jasho, akasimama wima akasema piga. Nikapiga. Nikamuuliza jina, akanitajia kwa sauti kubwa kabisa, na honi ya pantoni ikalia hapohapo. Mlango ukashuka, watu wakamiminika, naye akanyanyua gunia akaenda nao. Nyuma ya picha yake nimeandika Kigamboni, R, na kistari kirefu.